Kioo ni Rahisi, Mtaro Ndio Ghali: Maoni Juu ya Kuunganisha Minara ya Simu ya Mbali

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishavuka Ruaha Mbuyuni na kuzikwea kona za mlima wa Kitonga, hufika juu kwenye nyanda na kupokewa na matenga ya nyanya yaliyopangwa kandokando ya njia. Hapo ndipo Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, kama kilomita 45 kabla ya kufika Iringa mjini. Mnunuzi aliyesimama karibu na matenga hayo ana simu mkononi. Kwa simu hiyo hujua bei ya leo katika masoko ya Dar es Salaam, huita lori, na hulipa bila kugusa noti. Lakini mkulima anayekaa nyuma ya vilima, kuelekea milima ya Udzungwa, mara nyingi huuza kwa bei anayotajiwa. Simu anayo, kinachokosekana ni njia ya kuiunganisha simu hiyo na nchi nzima kwa uhakika. Nyanya haingoji. Anayechelewa kupata habari kwa siku mbili huuza maji.

Kwa muda mrefu tumezoea kulieleza tatizo hili kwa neno moja: mnara. Kijiji kikilalamika, huahidiwa mnara. Mnara ukisimama, hufanyika sherehe. Katika makala haya napenda kuwaomba walimu na wanafunzi watazame upande mwingine wa jambo hilo, yaani kile kinachouunganisha mnara na ulimwengu. Maoni yangu ni kwamba mnara wa mbali hukosa nyuzi za kioo kwa sababu tunawaachia watu wengi wachimbe mitaro mingi, kila mmoja kwa fedha zake na kwa mkopo wake, ilhali mtaro mmoja ungewatosha wote. Bei ya kioo haihusiki sana. Kwa hiyo tatizo hili ni la hesabu na la utaratibu zaidi kuliko lilivyo la ufundi, na hesabu yenyewe yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha nne.

Mnara ni bomba, si chemchemi

Antena iliyo juu ya mnara huzungumza na simu zilizo karibu nayo kwa mawimbi ya redio. Kazi yake huishia hapo. Maneno, picha na malipo yakishafika kwenye antena, hapana budi yapelekwe kwenye mitambo mikuu ya kampuni, ambayo aghalabu iko mijini. Mnara ni mfano wa bomba la maji la kijiji: maji hayazaliwi bombani, hutoka kwenye chanzo kwa njia ya mfereji. Bomba likiwa pana na mfereji ukiwa mwembamba, wananchi watapanga foleni na ndoo zao mchana kutwa.

Miaka ya 1990, simu za mkononi zilipoanza nchini, mfereji mwembamba ulitosha. Mnara uliobeba sauti peke yake ungeweza kuhudumiwa na njia ya megabiti 2 kwa sekunde. Leo mnara mmoja wa kizazi cha nne waweza kuhitaji megabiti mia moja au zaidi, na ule wa kizazi cha tano, kilichoanza kutumika nchini mwaka 2022, huhitaji gigabiti nzima. Hivyo basi mahitaji ya mnara mmoja yameongezeka mara hamsini, na mahali pengine mara mia tano, wakati mlima uliosimama kati ya mnara na mji ni ule ule.

Njia tatu za kuuvuka mlima

Njia ya kwanza ni maikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio yanayorushwa kutoka sahani moja hadi nyingine. Sahani hizo hapana budi zionane. Zikiwa mbali kwa kilomita 50, uvimbe wa dunia wenyewe, hata baada ya kuzingatia kwamba mawimbi hupindwa kidogo na hewa, huinuka kama mita 37 katikati ya njia. Tena juu ya uvimbe huo mawimbi huhitaji nafasi tupu ya mita zipatazo 20 na ushei. Ndiyo maana milingoti hujengwa mirefu na huwekwa vileleni. Kilima kikiziba njia, kituo cha kupokezana hujengwa juu yake, na kituo hicho nacho chataka umeme, betri, uzio na mlinzi. Mvua kubwa pia hupunguza nguvu ya mawimbi, hasa yale ya masafa yanayozidi gigahetsi 10.

Njia ya pili ni satelaiti. Satelaiti zilizotulia juu ya ikweta ziko umbali wa kilomita 36,000 hivi, na sauti huchukua karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka. Zile mpya zinazozunguka chini, kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, zimeondoa ucheleweshaji huo. Kule Kenya huduma ya Starlink ilianza mwaka 2023. Satelaiti hufika mahali popote, lakini uwezo wake hugawanywa baina ya wote walio chini yake katika eneo moja.

Njia ya tatu ni uzi wa kioo, ambao watu wengi sasa huuita faiba. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara moja huko Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba mwanga ungeweza kubeba mazungumzo ndani ya kioo iwapo kioo hicho kingesafishwa vya kutosha. Kioo bora cha wakati ule kilipoteza kiasi cha desibeli 1,000 kwa kila kilomita. Kao alisema kiwango cha desibeli 20 kingetosha kuanzia. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning ya Marekani walikifikia kiwango hicho, na ilipofika mwaka 1979 Wajapani walikuwa wameteremka hadi 0.2. Kao alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Tuzitafsiri namba hizo. Desibeli 10 maana yake ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Kwa kioo cha desibeli 20, baada ya kilomita moja hubaki asilimia 1 ya mwanga. Kwa uzi wa leo, ukichukua upotevu wa 0.25 kwa kilomita ili kuacha nafasi ya maungio, mwanga uliosafiri kilomita 24 hupoteza desibeli 6, yaani hubaki robo nzima. Kwa maneno mengine, taa ndogo ya leza iliyowashwa Ilula yaweza kuonekana vizuri kijijini bila kituo chochote cha kupokezana njiani. Hapana umeme wa kulinda katikati ya msitu, wala jenereta ya kujaza mafuta.

Uwezo nao haulinganishiki. Njia moja ya maikrowevu yenye upana wa megahetsi 28, ikibeba biti 7 katika kila mpigo mmoja wa wimbi, hupitisha megabiti 196 kwa sekunde. Mwanga unaotumika sana katika faiba, kati ya nanomita 1,530 na 1,565, una upana wa karibu megahetsi 4,400,000. Upana huo ni zaidi ya mara 150,000 ya ule wa kwanza, na wote umo ndani ya uzi mmoja mwembamba kama unywele.

Hesabu ya kijiji kimoja

Iwapo uzi huu una sifa zote hizo, mbona minara mingi ya mbali haijaunganishwa nao? Tufanye hesabu. Namba nitakazotumia nimezichagua kwa ajili ya darasa, ili zigawanyike kwa urahisi; mwalimu anaweza kuzibadili kadiri ya bei atakazozipata. Lililo muhimu ni umbo la hesabu yenyewe.

Tuseme mnara uko kijijini, kilomita 24 kwa barabara kutoka mahali faiba ilipofika, na kilima kimoja kimeziba njia ya mawimbi. Kuchimba mtaro, kulaza bomba na waya, na kufukia, tuchukue ni shilingi milioni 30 kwa kilomita. Kuutundika waya huo huo juu ya nguzo ambazo zimekwisha kusimikwa, tuchukue ni milioni 10 kwa kilomita. Vifaa vya mwanga vya ncha mbili ni milioni 10. Kwa upande wa maikrowevu, kila mruko mmoja una mitambo ya milioni 60, na kituo cha kupokezana juu ya kilima, pamoja na umeme wake wa jua, ni milioni 180.

Maikrowevu basi itagharimu miruko miwili, milioni 120, na kituo milioni 180: jumla milioni 300. Mtaro utagharimu 24 mara 30, yaani 720, na vifaa 10: jumla 730. Nguzo zitagharimu 240 na 10: jumla 250. Tuweke na gharama za kila mwaka: maikrowevu milioni 20, kwa ada za masafa, betri na ulinzi, mtaro milioni 12, nguzo milioni 18, kwa kuwa waya ulio juu hukatika zaidi. Tuchukue vilevile kwamba mitambo ya redio na vifaa vya mwanga hubadilishwa mara moja baada ya miaka 10, wakati kioo chenyewe kitadumu miaka yote 20 ya hesabu yetu.

Baada ya miaka 20, bila kuhesabu riba, maikrowevu itakuwa imekula milioni 820, mtaro 980, na nguzo 620. Tofauti kati ya mtaro na maikrowevu ni milioni 160 tu, tena kwa njia ambayo uwezo wake karibu hauna mwisho. Mtu atasema: basi kampuni na ichimbe.

Lakini kampuni huikopa fedha hiyo, au huitoa mahali ambapo ingezaa. Shilingi itakayolipwa mwaka wa kumi si sawa na shilingi ya leo. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, shilingi 100 za mwaka wa kumi zina thamani ya shilingi 32 leo, na malipo ya shilingi moja kila mwaka kwa miaka 20 yana thamani ya shilingi 7.47 tu. Tukiirudia hesabu kwa kipimo hicho, maikrowevu inakuwa milioni 488, mtaro milioni 823, na nguzo milioni 388. Tofauti ya milioni 160 imekuwa 335. Kioo hakikupanda bei wala mlima haukuongezeka urefu. Riba peke yake imefanya kazi hiyo. Mtaro hudai fedha zake zote siku ya kwanza, wakati maikrowevu hudai kidogo kidogo. Nchi ambayo mikopo yake ni ghali itachagua daima kile kinacholipwa baadaye, hata kama mwishowe hakitoshi.

Sasa tutazame safu ya mwisho. Tuseme mtaro ule ule umechimbwa kwa ubia wa watu watatu, kila mmoja akachangia milioni 240, akaweka vifaa vyake vya milioni 10, na akalipa theluthi ya matunzo, milioni 4 kwa mwaka. Kwa riba ile ile ya asilimia 12, kila mmoja atakuwa ametumia thamani ya milioni 283. Hiyo ni chini ya maikrowevu, na ni chini hata ya nguzo. Kilichokuwa ghali kuliko vyote kimekuwa rahisi kuliko vyote, kwa sababu moja tu: kimegawanywa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: je, maikrowevu haiwezi kugawanywa nayo? Yaweza, lakini kwa kiasi. Watatu wakigawana megabiti 196, kila mmoja hupata 65, na mahitaji yakikua hapana budi kununua mitambo mingine na masafa mengine. Watatu wakigawana waya wenye nyuzi 24, kila mmoja hupata nyuzi 8, na hata uzi mmoja tu ni zaidi ya anavyohitaji. Kugawana redio ni kugawana mkate. Kugawana mtaro ni kama kugawana barabara.

Yaliyokwisha kufanyika

Haitakuwa haki kuandika kana kwamba nchi yetu imelala. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka ule ule ambao waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulitua Dar es Salaam. Mkongo huo ni mali ya Serikali na husimamiwa na TTCL. Umefika Iringa na Mbeya, na umevuka hadi mipakani Tunduma na Kasumulu. Nyanda za Juu Kusini basi hazikosi mto mkubwa. Kinachokosekana ni mifereji ya kuutoa mtoni na kuupeleka mashambani.

Kampuni ya Halotel, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, ilijenga maelfu ya kilomita za faiba, na sehemu kubwa iliitundika kwenye nguzo. Somo lake ni kwamba uzi wa kioo waweza kufika vijijini ikiwa mjenzi hataki kila kilomita iwe ya mtaro. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2006, nao umekuwa ukitoa ruzuku kwa maeneo ambayo biashara peke yake isingefika. Mwezi Mei mwaka 2023 Mfuko huo na makampuni ya simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hiyo ni hatua kubwa, na mwenye kuibeza hajawahi kupanda kichuguu kutafuta mtandao ili aite gari la wagonjwa.

Tena makampuni yenyewe yamekwisha kujifunza kugawana. Vodacom iliuza minara yake mingi kwa Helios Towers mwaka 2013, na leo ni jambo la kawaida kuona antena za makampuni mawili au matatu juu ya mlingoti mmoja. Zamani kila kampuni ililinda mnara wake kama boma. Kilichowezekana juu ya mlingoti kwa nini kisiwezekane chini ya ardhi?

Pendekezo

Naona yafaa mambo manne.

La kwanza, ruzuku ifuate mtaro, si mnara peke yake. Mnara uliojengwa kwa ruzuku na kuunganishwa kwa njia nyembamba utakuwa umejaa kabla ya miaka mitano, na wananchi watarudi kulalamika, safari hii wakiwa chini ya mnara wenyewe. Ni afadhali kijiji kipate mnara mfupi wenye njia pana kuliko mrefu wenye njia nyembamba.

La pili, tuchimbe mara moja. Katika wilaya moja TARURA hutengeneza barabara, RUWASA hulaza mabomba ya maji, na Wakala wa Nishati Vijijini husimika nguzo za umeme. Kila mmoja hufika kwa wakati wake, hufukua au hupanda, hufukia na kuondoka. Bomba tupu la plastiki likilazwa wakati barabara inapochimbwa, au waya wa faiba ukitundikwa wakati nguzo inaposimikwa, gharama ya ziada ni ndogo kwa kuwa vibarua, mtambo na idhini vimekwisha kulipiwa. Katika hesabu yetu nguzo zilizokuwepo zilishinda mtaro wa mtu mmoja na maikrowevu pia. Kijiji kilichokwisha kupata umeme kimekwisha kupata zaidi ya nusu ya faiba, ila hakijaambiwa.

La tatu, bei ya kupita iwe wazi na iwe moja kwa wote. Ubia hauwezi kusimama ikiwa mwenye mtaro ndiye mshindani wa mpangaji wake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake imekwisha kuweka msingi wa kugawana miundombinu. Yafaa msingi huo ujengewe nyumba: bei itangazwe, na atakayeomba nafasi kwenye mtaro uliojengwa kwa fedha za umma asinyimwe.

La nne, tusipeleke faiba kila mahali. Hapa wenzangu wapenzi wa nyuzi za kioo hawatanifurahia. Kielelezo kizuri, kwa maoni yangu, ni hiki: faiba ifike katika kila mji wa soko na kila makao ya kata yenye shule ya sekondari na kituo cha afya, kutoka hapo mruko mmoja wa maikrowevu uvuke bonde kwenda kijijini, na kijiji kilicho ndani kabisa ya Udzungwa, ambacho mruko mmoja haukioni, kihudumiwe na satelaiti mpaka siku yake ifike. Maikrowevu ya mruko mmoja, bila kituo cha kilimani, ni milioni 60 tu katika hesabu yetu. Kila chombo kina kazi yake.

Pingamizi

Watakuwepo watakaosema kwamba satelaiti mpya zimemaliza mjadala, na kwamba kuchimba mitaro leo ni kununua jembe wakati trekta limefika. Nawajibu kwa hesabu ya kugawana: satelaiti inayohudumia nyumba kumi zilizotawanyika hufanya kazi nzuri, ikibidi ihudumie mji wa soko wenye maelfu ya watu siku ya mavuno, wote watajikuta kwenye mlango mmoja. Zaidi ya hayo malipo yake ya kila mwezi huenda nje ya nchi milele, wakati mtaro ukishalipwa ni mali yetu.

Wengine watasema kwamba waya hukatika. Ni kweli. Greda la barabara hukata, mmomonyoko hufukua, na mteremko kama wa Kitonga si mahali pa kuaminiwa wakati wa masika. Hata baharini waya hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo. Dawa yake ni duara: njia mbili zinazofika mahali pamoja kutoka pande mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Na hapa tena ubia unasaidia, kwa kuwa watatu waliochimba mitaro mitatu kando ya barabara ile ile watakatwa wote na greda moja. Lakini watatu waliochimba pamoja wangebakiwa na fedha za kuchimba njia ya pili upande mwingine wa mlima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: je, fedha hizi zisingefaa zaidi kwa zahanati na visima? Swali hili halijibiwi kwa kebehi. Mimi nasema kampuni huhesabu mapato ya mnara wake peke yake, wala hatuwezi kuilaumu. Lakini Taifa lina daftari pana zaidi. Humo mna tenga la nyanya lililouzwa kwa bei halali badala ya kuoza. Mna mganga wa zahanati anayeonyesha picha ya jeraha kwa daktari wa hospitali kabla ya kumpakia mgonjwa. Mna mwanafunzi anayesoma somo ambalo shule yake haina mwalimu wake. Faida hizo haziingii katika hesabu ya kampuni yoyote, na ndiyo maana hazitalipiwa na kampuni yoyote ikiachwa peke yake. Mtaro wa pamoja wapaswa kuchangiwa na umma kwa sababu ile ile ambayo barabara huchangiwa: hakuna muuza nyanya mmoja awezaye kuijenga, na hakuna asiyeipita.

Neno kwa walimu

Ningependa hesabu hii isiishie katika kurasa hizi. Darasa la fizikia laweza kuchora ramani ya njia kutoka shuleni hadi kwenye mnara ulio karibu, likatafuta vimo vya vilima kwenye ramani, na kuamua kama sahani mbili zitaonana. Darasa la hisabati laweza kuirudia hesabu yangu kwa riba ya asilimia 6, kisha ya 18, na kuona ni kwa kiasi gani pengo kati ya mtaro wa mtu mmoja na maikrowevu hupungua au hupanuka. Darasa la uraia laweza kuuliza katika ofisi ya kata ni lini barabara au bomba la maji litachimbwa, na kama kuna mtu yeyote aliyefikiria kulaza bomba tupu kando yake.

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitegemea zaidi. Mtaro ukishafukiwa, mlango umefungwa kwa miaka mingi. Anayeuliza kabla ya greda kufika huiokolea wilaya yake mamilioni. Anayeuliza baada ya hapo hubaki na hoja nzuri na simu isiyo na mtandao. Mabonde ya Ilula yatachimbwa tena kwa ajili ya maji na barabara, kwa kuwa nchi inajengwa. Wakati huo ukifika, na awepo mtu, hata kama ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa kusimama ukingoni mwa shimo na kusema: msifukie bado.